Kamusi ya Longman mtandaoni kwa sisi tunaopokea wageni: nimeipima kwa "pick up"

Kwa mtu anayeshughulika na wageni wanaozungumza Kiingereza kutwa nzima, sijaona kamusi ya bure inayoishinda hii ya Longman kwenye vile vitenzi vya maneno mawili mawili: "pick up", "drop off", "set off", "call off", "put off". Jina lake kamili ni Longman Dictionary of Contemporary English. Chapa ya kwanza ilitoka 1978, na siku hizi unaifungua kwenye simu na kuisoma bila kulipa. Kasoro zake zipo na nitazitaja, lakini nyota nne kati ya tano naipa kwa moyo mweupe.

Kazi yangu ni kupanga magari. Ofisi yetu ni ndogo, ipo Mji Mkongwe, Unguja. Tunapokea wageni uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume na bandarini Malindi, tunawapeleka Nungwi, Kendwa, Paje na Jambiani, halafu siku zao zikiisha tunawarudisha. Mgeni anatuma ujumbe WhatsApp, mimi nausoma, kisha namwandikia dereva kwa Kiswahili aende wapi, saa ngapi, kwa watu wangapi. Ujumbe ukisomwa vibaya, gari linakwenda Paje na mgeni yuko Darajani na mabegi yake juani. Kwa hiyo kamusi kwangu ni chombo cha kazi, kama ilivyo ratiba ya boti.

Nimechagua "pick up" kwa sababu ndiyo mkate wetu. Madereva wetu hawasemi hata kuchukua. Wanasema "naenda kupick", "nina pick mbili leo", "pick ya saa nne imehamishwa". Kila mtu kwenye biashara hii anaamini anaijua, na ni kweli anaijua ile moja: gari linakwenda, mgeni anapanda. Tabu inaanza pale mgeni anapoitumia kwa jambo jingine, naye hakuonyi kwamba ameibadilisha.

Chukueni ujumbe huu, aliotuandikia mgeni wa kite (mchezo wa kuteleza baharini kwa kuvutwa na tiara) aliyekuwa Paje msimu wa kusi: "If the wind doesn't pick up by three, can you pick us up at four? We just need to pick up our bags from the hotel on the way." Wakati unaingia, dereva wetu mmoja mtu mzima, ambaye sote tunamwita Mjomba, alikuwa amekaa nami barazani. Akachungulia simu, akaniuliza, "Mwanangu, huyu anataka kuchukuliwa mara tatu?" Swali la haki kabisa. "Pick up" zimo tatu, na mtu aliyefundishwa kwamba "pick up" ni kuchukua ana kila sababu ya kuhesabu safari tatu.

Nikaifungua Longman, tukasoma pamoja. "Pick up" imepewa maana zaidi ya kumi, nazo hazikumwagwa kwenye aya moja ndefu. Kila maana ina namba yake, na nyingi zimetanguliwa na neno moja au mawili ya herufi kubwa yanayokuambia hapa tunazungumzia nini: hapa kuinua kitu, hapa kujifunza, hapa ugonjwa. Unashuka na kidole gumba mpaka ulipofika panafanana na ujumbe wako, halafu ndipo unasoma. Kwa mtu ambaye mgeni anasubiri jibu, mpangilio huo peke yake unaokoa roho.

Cha kutazama ni nani anafanya na nani anafanyiwa. Longman haikuandikii "pick up" tupu. Inakuandikia "somebody" au "something" pale panapotakiwa mtu au kitu, na pasipotakiwa inaacha wazi. Upepo kwenye ule ujumbe haumchukui mtu wala kitu. Baada ya "up" hakuna kinachofanyiwa. Basi hiyo ni ile maana ya kuongezeka, kupata nguvu, kwenda vizuri kuliko mwanzo. Ya pili ina "us": watu, na gari limeombwa. Ya tatu ina mabegi. Nikamwandikia Mjomba kwenye simu yake, aliyekaa pembeni yangu, ili abaki nao: "Upepo usipokaza mpaka saa tisa, wapitie saa kumi. Njiani mpite hotelini wachukue mabegi." Kukaza, kupitia, kuchukua. Vitenzi vitatu vya Kiswahili kwa kitenzi kimoja cha Kiingereza, na safari moja tu.

Ila msiifanye ile ya kukosekana "us" au "them" kuwa sheria ya chuma. Mgeni anaweza kuuliza "Do you pick up from the ferry?" Hapo pia baada ya "up" hakuna mtu, lakini anakuuliza kama mnapokea abiria bandarini. Watu wamo, hawakutajwa tu. Kinachokuamulia ni yule anayetenda: upepo, biashara, mwendo, afya ya mgonjwa, hivyo haviendeshi gari. "You" anaendesha. Ndiyo maana nasema kamusi haitoshi bila kusoma sentensi nzima, pengine na ujumbe wa jana yake.

Sasa nije kwenye kitu ninachokipenda kuliko vyote ndani ya Longman, nacho ni kamshale kadogo kenye ncha mbili, ↔. Wengi wanakapita bila kukaona. Kakiwa katikati ya "something" na "up", kanakuambia kitu hicho kinaweza kukaa pande zote mbili: "pick the bags up" sawa, "pick up the bags" sawa. Kama hakuna mshale, usihamishe. "Look after somebody" haina mshale: mtu anabaki nyuma ya "after" siku zote. "Pick up on something", yaani kuling'amua jambo au kulidaka ulilodokezewa, haina pia.

Mshale peke yake haukufundishi jambo moja, na hilo ndilo linalowatesa madereva wetu wakijibu wageni. Vikija vijineno vifupi kama "you", "them", "it", basi pande mbili zinakwisha: vinakaa katikati tu. "I will pick up you" haisemwi. Ni "I will pick you up". Nimewafundisha wenzangu kwa kutumia Kiswahili chetu wenyewe. Tunasema nitakuchukua, ile "ku" imekaa katikati ya kitenzi, haikusubiri nyuma. Nitawachukua, "wa" katikati: "I will pick them up". Nitamshusha, "m" katikati: "I will drop her off". Tumeahirisha safari, tumeiahirisha: "We have put it off". Yule aliyekuwa anaandika "pick up you" kwa miaka aliacha siku ile ile, kwa sababu alikuwa na jambo la kushika ambalo tayari lipo kinywani mwake.

Lakini Kiswahili hakikufikishi mwisho. Sisi tunasema nitawaangalia, na "wa" imekaa katikati vile vile, wakati Kiingereza kinataka "I will look after them", na "them" nyuma kabisa. Ukifuata Kiswahili bila kamusi utaandika "look them after", na mgeni atakukodolea macho. Hapo ndipo narudi kwenye mshale: upo, weka katikati; haupo, acha pale pale kamusi ilipoandika "somebody" au "something". Kamusi nyingi za mifukoni nilizopata kuzishika hazikuonyeshi hilo. Zinakupa "look after" na tafsiri yake, basi.

Jambo la pili lililonifanya niwape madereva kamusi hii ni kwamba wanaweza kuisoma. Longman walijiwekea mpaka tangu chapa ya mwanzo: maelezo ya maneno yaandikwe kwa msamiati wa msingi wa maneno kama 2,000. Mtu aliyemaliza kidato cha nne, ambaye Kiingereza chake kimetokana zaidi na barabara ya Nungwi kuliko darasani, anasoma maelezo ya "pick up" bila kulazimika kufungua kamusi ya pili ili aielewe ya kwanza. Mwenye kukumbukwa hapa ni Michael West, mwalimu wa Kiingereza aliyefanya kazi Bengal, ambaye 1953 alichapisha orodha yake ya maneno ya msingi, nayo pia ni kama 2,000. Nafarijika kujua kwamba kazi hiyo aliifanya mtu aliyekuwa anasomesha watoto ambao Kiingereza si lugha ya mama zao. Ukisoma kamusi hii unahisi kuna aliyekufikiria.

Sauti nayo isipuuzwe. Kitenzi kikuu, kama "pick", kina alama ya spika, matamshi ya Uingereza na ya Marekani, na sentensi za mifano pia zinasomwa ukibonyeza. Kwenye vitenzi hivi sauti ni nusu ya kazi. Mgeni hatamki "pick", akapumzika, akasema "you", akapumzika, akasema "up". Anayameza pamoja, na kwenye simu yenye kelele za bandari dereva anasikia kitu kama "pikyap". Na ile "up" mara nyingi ndiyo inayokazwa, wakati "you" inapotea. Nimekaa na vijana wawili wapya tukabonyeza mifano hiyo kwa sauti kubwa, wakirudia, mpaka wakaweza kuidaka kwa mtu anayezungumza kwa haraka. Masomo ya namna hii watu wanayalipia.

Maana nyingine ambazo kamusi hii imenisaidia kuzitenganisha, zote nimezikuta kwenye ujumbe wa wageni. "Nobody is picking up": hakuna anayepokea simu, wala hakuna mtu aliyeachwa barabarani. "We can't pick up any signal here": simu haishiki mtandao. "We've picked up a bit of Swahili": wamedaka maneno mawili matatu, na hapo unamjibu kwa Kiswahili, anafurahi. "Let us pick up the bill": watalipa wao, na kama ni chakula cha dereva njiani, dereva ajue mapema asitoe pesa yake. "Has work picked up since the rains?" Huyu anatujua. Anajua masika, mwezi wa nne na wa tano, huku kwetu wageni wanapungua na magari yanalala, anauliza kama kazi imechangamka.

Kuna moja ambayo ningependa kila mpokea wageni aijue. "My husband has picked up a stomach bug." Mume hakuokota mdudu. Anaumwa tumbo, ameambukizwa. Ujumbe huo hautaki gari la kwenda Jozani kutazama kima punju kama ilivyopangwa. Unataka uulize anatapika tangu lini, ameweza kunywa maji, tumlete daktari au tumpeleke. Longman imeitenga maana ya kupata ugonjwa kwa namba yake, huhitaji kubahatisha.

Na kuna moja ya kujihadhari nayo. "Pick somebody up" ina maana ya kumtongoza mtu usiyemjua, kwenye baa au ufukweni, kwa nia ya kulala naye. Dereva akimwandikia meneja wa hoteli "Last night I picked up two ladies at the beach bar", yeye ametoa taarifa ya kazi, na anayesoma anaweza kufikiri jingine kabisa. Longman haikuificha maana hiyo, imeieleza wazi kwa maneno ya heshima. Inaeleza pia ile ya polisi kumkamata mtu. Kwa hiyo ofisini kwetu taarifa za usiku tunaandika "collected", na wageni tunawaita "guests". Heshima ya dereva ni mali yake, haifai kuchafuliwa na kitenzi.

Sasa kasoro.

Kiswahili hakimo. Longman ni kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, na ingawa kwenye tovuti yao wanazo kamusi za lugha mbili kwa baadhi ya lugha, yetu haimo. Lugha inayozungumzwa na mamilioni ya watu pwani na bara, na wanaoishi kwa utalii miongoni mwao ni wengi, ilistahili kuwemo. Mimi nafanya hivi: Longman kwanza, nijue ni maana ipi kati ya zote, halafu kama Kiswahili chake hakinijii, naenda kwenye Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotoka 1996. Ukianza na TUKI unapewa fungu la vitenzi vya Kiswahili na hujui kipi ni chako. Ukitoka Longman umeshajua, unachagua kwa kujiamini. Na mara nyingine hakuna kamusi inayokupa neno. Hilo la kumpitia mtu, "nitakupitia saa kumi", nimelitoa kwetu nyumbani. Ndivyo tunavyosema mwenye gari akija kukuchukua mlangoni, na hakuna dereva atakayekosea akiambiwa hivyo.

Kasoro ya pili ni urefu. Orodha ya maana kumi na kitu kwenye skrini ndogo yenye ufa inachosha, na anayeingia kwa mara ya kwanza anaweza kusoma ya kwanza, ile ya kuinua kitu, akafunga akidhani amemaliza. Mtu wa namna hiyo asipewe kamusi hii aende nayo peke yake. Akae na mwenzake anayeijua, wachukue ujumbe mmoja wa kweli wa mgeni na kuutafutia namba yake. Baada ya hapo ataendelea mwenyewe.

Tatu, inataka mtandao. Ukiwa ofisini si tatizo, lakini njia ya mashamba kuna mahali intaneti inakatika, na dereva amebaki na ujumbe asioweza kuutafutia maana. Kwa ajili hiyo nimewaandikia madereva ukurasa mmoja wa karatasi, wanauweka juu ya kioo cha jua: "pick up", "drop off", "set off", "put off", "call off", "hold on", "check out", na chini ya kila kimoja sentensi mbili tatu kama wanavyoziandika wageni wetu, pamoja na Kiswahili cha barabarani. Mifano ya Longman yenyewe mingi imetoka kwenye maisha ya Uingereza na Marekani. Yetu ina boti, kusi, bandari na vichochoro vya Mji Mkongwe ambamo gari haliingii, kiasi kwamba kila "pick up" ya mjini lazima iwe na jina la mahali pa kusimama: Forodhani, Darajani au Malindi. Karatasi ile imezaliwa na kamusi hii, na ningefurahi kuona ofisi nyingine, na vyuo vinavyofundisha mapokezi ya hoteli, wakitengeneza zao.

Nani aitumie? Wahudumu wa mapokezi, madereva, waongozaji wa spice tour (ziara za mashamba ya viungo), wauguzi wa kliniki za mahotelini, na vijana wa skuli wanaojiandaa kufanya kazi hizo. Anayeanza Kiingereza leo, bado ni mapema kwake. Avumilie kwanza na TUKI.

Ukiifungua, andika maneno yote mawili, "pick up". Ukiandika "pick" peke yake utapewa kwanza kuchagua na kuchuma, na hiki ulichokitafuta kiko chini sana. Na usichanganye na "pickup" ya neno moja, ambayo ni jina: ni lile gari tunaloliita pikapu, na pia ni lile tukio la kwenda kumchukua mtu au mzigo. Mgeni akiandika "pickup 6 am, Forodhani", haombi pikapu. Anaomba gari lake la kawaida, saa kumi na mbili asubuhi ya Kiswahili, na dereva awe ameshafika dakika kumi kabla.